Kuhamisha Miche ya Michikichi Kitaluni: Mambo Yampasayo Katibu na Mwanachama Kuyajua

Chama cha msingi kinapoanzisha kitalu cha michikichi kwa niaba ya wanachama wake, huwa kimejitwika dhamana isiyofanana na ile ya kitalu cha mboga. Mche wa kabichi ulioharibika hujulikana baada ya majuma machache, na hasara yake huisha katika msimu huo huo. Mche wa mchikichi ulioharibika kitaluni waweza kusimama shambani miaka mitatu au zaidi, ukila mbolea na jasho la mwenye shamba, ndipo ijulikane kwamba hauzai ipasavyo. Na kwa kuwa mchikichi hutarajiwa kuvunwa kwa muda wa miaka 25 hivi, kosa lililofanywa kitaluni kwa dakika moja hulipwa na familia ya mwanachama kwa robo ya karne.

Tangu kampeni ya kuendeleza zao hili ilipoanzishwa mkoani Kigoma mwaka 2018, vitalu vimeongezeka, na pamoja navyo yameongezeka malalamiko: miche iliyodumaa, migao isiyo sawa, na hesabu zisizolingana. Mengi ya malalamiko hayo mwanzo wake ni mmoja, nao ni siku ile miche inapohamishwa kutoka kiriba kidogo kwenda kiriba kikubwa. Makala hii yaeleza kazi ya siku hiyo, na namna ya kuiandika katika vitabu vya chama.

MBEGU KWANZA

Kabla ya kusema juu ya kuhamisha, yafaa ikumbukwe kwamba utunzaji mwema hauwezi kusahihisha mbegu mbaya. Michikichi hugawanyika katika aina tatu kwa kutazama kokwa ya tunda. Dura ina kokwa nene na nyama kidogo ya mawese. Pisifera haina kokwa, lakini mti wake kwa kawaida hauzai matunda ya kukomaa. Tenera, aliye mtoto wa hao wawili, ana kokwa nyembamba na nyama nyingi, na ndiye atakiwaye na mkulima. Siri hiyo ya uzazi ilielezwa mwaka 1941 na watafiti Beirnaert na Vanderweyen, waliofanya kazi Yangambi katika nchi ya Kongo.

Mwanachama aokotaye mbegu chini ya mti wake wa tenera hudhani amejiokolea fedha. Lakini tenera akipata chavua ya tenera mwenziwe, katika kila mbegu nne takriban moja huwa dura, mbili huwa tenera, na moja huwa pisifera. Kitaluni aina hizo hazitambulikani kwa macho. Kwa sababu hiyo chama hakina budi kupata mbegu kutoka chanzo kinachotambulika, kama vile kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, na kuhifadhi hati ya mbegu hizo katika jalada lake.

TABIA YA MCHE

Mchikichi hukua polepole sana katika mwaka wake wa kwanza, na una tabia mbili ambazo mwenye kitalu hapaswi kuzisahau.

Ya kwanza, mti huu una moyo mmoja tu. Mwembe ukikatwa kilele hutoa machipukizi ubavuni. Mchikichi ukifa moyo, mti wote umekufa. Maji yenye tope yakisimama juu ya moyo, udongo ukiufunika, au kidole kikiuvunja, hakuna dawa.

Ya pili, mchikichi hauna mzizi mkuu unaozama chini. Mizizi yake hutoka mingi kuzunguka kitako, yaani pale shina linapokutana na udongo, nayo ni laini. Donge la udongo likivunjika, mizizi hiyo hukatika, na mche hukaa majuma mengi ukijitibu badala ya kukua.

WAKATI WA KUHAMISHA

Mbegu iliyokwisha kuchipua hupandwa kwanza katika kiriba kidogo, chini ya kivuli. Hukaa humo miezi mitatu hivi, mpaka iwe na majani matatu au manne. Majani hayo ya kwanza huwa mazima, hayajapasuka kama makuti. Jambo hilo lisimtie mtu hofu.

Mche ukihamishwa mapema mno, donge lake halijashikamana na litamwagika mkononi. Ukicheleweshwa, mizizi hujizungusha ndani ya kiriba kama kamba, na majani hurefuka na kulegea kwa kugombea mwanga. Katibu asikubali kuchelewesha kazi kwa sababu tu viriba vikubwa havijanunuliwa. Viriba hivyo viagizwe siku ileile mbegu zinapoagizwa.

Kwa mkoa wa Kigoma, ambako mvua huanza mnamo Oktoba au Novemba, mpango ufaao ni kupanda mbegu katika viriba vidogo mwezi Septemba na kuhamisha mwezi Desemba. Hapo miche itakuwa na miezi 11 hivi katika viriba vikubwa itakapopelekwa shambani mwanzoni mwa mvua za mwaka unaofuata.

MAANDALIZI

Viriba vikubwa viwe vyeusi, vyenye upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 45 hivi, na vitobolewe matundu katika nusu ya chini ili maji yasituame. Vijazwe udongo mzuri wa juu uliochekechwa, majuma mawili au zaidi kabla ya siku ya kuhamisha, na kumwagiliwa mara kwa mara. Udongo hushuka, upungufu ujazwe kabla mche haujaingia, kwa maana ukijazwa baadaye utafunika moyo.

Viriba vipangwe kwa pembe tatu, sentimita 90 kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Kwa mpango huo eneo la mita za mraba 100 huchukua viriba 140 hivi. Wako wanaobananisha viriba ili kuokoa nafasi na maji. Baada ya miezi sita miche yao husongana na kukimbilia juu, na ikifika shambani huanguka kwa upepo.

Majuma mawili au matatu kabla ya kuhamisha, kivuli kipunguzwe kidogo kidogo, ili majani yazoee jua. Siku moja kabla, miche yote imwagiliwe maji ya kutosha, maana donge lenye unyevu halivunjiki upesi.

SIKU YENYEWE

Kazi ifanywe asubuhi na mapema, au jioni, au siku ya mawingu. Katikati ya kiriba kikubwa lichimbwe shimo lenye ukubwa wa donge. Mche ubebwe kwa kushika kiriba, kamwe usishikwe shina. Kiriba kidogo kipasuliwe kwa wembe ubavuni na kuondolewa chote. Kukitoboa tu na kukizika pamoja na mche ni kuifunga mizizi gerezani.

Donge liwekwe shimoni wima. Kitako cha mche kiwe sawa na uso wa udongo: kikizama, moyo huoza, kikiinuka, mizizi hukauka na mche huyumba. Udongo ushindiliwe kwa vidole pembeni, si juu ya donge, kisha maji yamwagwe taratibu.

Mbolea ya dukani isitiwe siku hiyo. Ingojewe mpaka mche ushike, baada ya majuma manne hivi, nayo ienezwe kuzunguka mche bila kugusa shina. Maji yatolewe kila siku isiyo na mvua, kiasi cha lita moja kwa kila mche, na kuongezwa hadi lita mbili mche unapokuwa mkubwa. Magugu ya ndani ya kiriba yang'olewe kwa mkono. Vipande vya kokwa za mise zilizopasuliwa, vikitandazwa juu ya udongo, huhifadhi unyevu na kuzuia magugu bila gharama kubwa.

KUCHAGUA NA KUTUPA

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote. Si kila mche unaoota unastahili kupandwa. Siku ya kuhamisha, miche ifuatayo yapasa kutengwa: wenye majani membamba kama nyasi, wenye majani yaliyokunjamana au kujiviringa, uliopinda shina, wenye mabaka meupe ya kuzaliwa nayo, na uliodumaa ilhali wenzake wa siku moja wamekua. Uchaguzi mwingine hufanywa katika viriba vikubwa, kabla ya kugawa: hapo hutengwa miche ambayo majani yake yamekataa kupasuka, iliyosimama wima mno kama ufagio, na ile ambayo majani yake mapya ni mafupi kuliko ya zamani, hata kichwa kikawa bapa.

Kwa kawaida uchaguzi wote pamoja na vifo huondoa robo moja hivi. Basi chama kilichopokea mbegu 1,000 kitegemee kugawa miche 750. Kwa upandaji wa mita 9 kwa pembe tatu, hekta moja huchukua michikichi 143. Miche hiyo 750 yatosha hekta 5 na akiba kidogo. Mwanachama anayetaka kupanda hekta moja aandikiwe mbegu 200, asiandikiwe 143.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mwanachama aliyelipia mbegu 200 huja kuhesabu miche 200, na katibu, kwa kutaka amani, humpa na ile mibovu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Amani hiyo hudumu miaka mitatu tu, mpaka majirani waanze kuvuna naye abaki akitazama makuti. Dawa ni kueleza hesabu hiyo katika mkutano mkuu kabla fedha hazijapokewa, na kuiandika katika muhtasari, ili kila mtu ajue kwamba analipia mbegu na kwamba sehemu yake itatupwa kwa faida yake.

DAFTARI LA KITALU

Kila chama chenye kitalu kiwe na daftari maalumu lenye safu hizi: tarehe, chanzo cha mbegu, idadi iliyopokewa, iliyokufa, iliyotupwa na sababu yake, iliyogawiwa na jina la aliyepokea pamoja na sahihi yake, na iliyobaki. Daftari hili hufungwa kama kitabu cha fedha: idadi iliyopokewa lazima ilingane na jumla ya iliyokufa, iliyotupwa, iliyogawiwa na iliyobaki. Palipo na pengo, pana mche uliotoka kwa mlango wa nyuma.

Miche iliyotupwa ikatwe moyo mbele ya wajumbe wawili wa Bodi, nao watie sahihi. Mche uliorundikwa tu nyuma ya ghala siku chache baadaye huonekana sokoni, ukiuzwa kwa mkulima asiyejua, na sifa ya chama huuzwa pamoja nao.

Katika kugawa, miche ipangwe mafungu yaliyochanganywa, na mafungu yapigiwe kura. Katibu, wajumbe na ndugu zao wachukue kwa kura kama wengine. Mwanachama aishiye mbali, asiyeweza kufika siku ya kwanza, awekewe fungu lake kabla watu wa karibu hawajachagua.

Ni wajibu wa Bodi kukikagua kitalu walau mara moja kila mwezi, daftari mkononi, na kuhesabu viriba kimoja kimoja. Kitalu chenye hesabu safi huonekana kwa macho: miche imesimama kwa safu, hakuna mche mbovu uliohurumiwa, na kila mwanachama ajua idadi ya yake.