KUHUISHA TOLEO LA PHP KATIKA SEVA ZA OFISI

Watumishi wa umma na wakazi wa Dodoma wanafahamishwa kuwa PHP ni lugha ya programu inayoendesha tovuti na mifumo mingi katika seva za Linux. Kila toleo lake lina kikomo. Toleo la 7.4 liliacha kutolewa marekebisho ya usalama na watengenezaji wake tarehe 28 Novemba, 2022; kasoro zinazogunduliwa baadaye zaweza kuhatarisha taarifa za wananchi.

Hata hivyo, kubadili toleo si kazi ya pupa. Kabla ya toleo la 8.0, lililotolewa Novemba 2020, sifuri ikilinganishwa na neno kama “hapana” ilihesabiwa kuwa sawa nalo, sasa sivyo. Hivyo mfumo waweza kufunguka bila kuonyesha kosa, ilhali unampa mwananchi jibu tofauti na la jana.

Kwa hiyo, utaratibu ufaao ni huu:

(a) Kuchukua nakala ya mafaili na kanzidata, na kuhakikisha kuwa inarejesheka.

(b) Kusimika toleo jipya kwanza katika seva ya majaribio.

(c) Watumishi wanaoutumia mfumo kila siku kulinganisha majibu ya matoleo yote mawili.

(d) Kubadili seva kuu baada ya saa za kazi, toleo la zamani likiwa tayari kurejeshwa.

Aidha, wakazi watangaziwe mapema muda ambao huduma itasimama, ili asiwepo atakayesafiri kutoka Kongwa au Mpwapwa bure.