Utangulizi: Kuichangia Tabianchi Wakati wa Upepo wa Mbisho

Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Taaluma ya ufadhili wa tabianchi inayoelezwa katika kitabu hiki haiupingi msemo huo. Inauliza tu kinachofuata: fedha ikishatolewa, imebadili nini ambacho kisingebadilika bila hiyo? Kama umewahi kuchangia harambee ya shule ukajiuliza darasa limefikia wapi, karibu. Umeshaanza somo.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2011 taasisi ya bilionea Michael Bloomberg iliipa asasi ya mazingira ya Sierra Club ya Marekani dola milioni 50 za kampeni ya kufunga mitambo ya umeme wa makaa ya mawe. Fedha hizo hazikwenda kwenye kupanda miti wala kununua sola. Zililipa mawakili na waratibu waliopinga vibali vya mitambo, mmoja baada ya mwingine, na kufika mbele ya wadhibiti wa nishati wa majimbo wakiwa na hesabu za gharama mkononi. Mwaka 2010 makaa yalizalisha takriban asilimia 45 ya umeme wa nchi hiyo. Mwaka 2023 yalizalisha kama asilimia 16. Je, sifa zote ni za kampeni? La hasha. Miaka hiyohiyo gesi asilia, mshindani wa makaa, ilishuka bei. Kupima nani kachangia kiasi gani ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika taaluma hii.

Kisha kuna siasa. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump aliamuru Marekani ijitoe tena katika Mkataba wa Paris wa tabianchi, na Julai 4 akasaini sheria iliyofupisha unafuu wa kodi kwa umeme wa upepo na jua. Mfadhili angeweza kudhani fedha zake zote zimezama. Lakini sheria hiyohiyo iliacha sehemu kubwa ya unafuu kwa jotoardhi, nyuklia na betri za kuhifadhi umeme, teknolojia zenye watetezi katika vyama vyote viwili.

Msimamo wa kitabu hiki unatokana na hayo: kulinda sheria nzuri iliyopo ni kazi inayostahili fedha sawa na kudai mpya, ila utetezi unaoegemea chama kimoja huanguka nacho. Basi kabla hujatoa, iulize asasi: serikali ikibadilika kesho, kazi yenu itabakiza nini? Ikikosa jibu, mchango wako upeleke kwingine.