Pampu inayonguruma bila kusukuma maji

Pampu ya tangi la samaki ikigoma, kauli ya kwanza huwa "imeungua". Mara nyingi haijaungua. Isikilize kwanza: ikinguruma huku maji yametulia, umeme unafika, kilichokwama ni rota.

Ndani yake mna vitu vichache. Kuna koili iliyozibwa kwa gundi ngumu, na kwa umeme wetu ncha zake za sumaku hubadilika mara 100 kwa sekunde. Koili hiyo huzungusha rota, ambayo ni sumaku ya mviringo yenye mapanga madogo, juu ya kijiti cha kauri. Maji yenyewe ndiyo grisi. Chembe moja ya mchanga yatosha kuisimamisha.

Aliyeko Tabora akifuga samaki wa Ziwa Tanganyika ana adui mwingine: chokaa. Samaki wametoka upande wa Ujiji, kwa njia ileile ya misafara ya zamani, lakini maji ya bomba siku hizi yanatoka Ziwa Victoria, nayo ni laini. Tanganyika ni ziwa la maji magumu, pH yake inakaribia 9, kwa hiyo mfugaji hulazimika kuyaongezea madini. Madini hayo huganda taratibu kwenye kijiti na kuta za chumba cha rota. Pampu itaendelea kuzunguka kwa sababu ilikwisha kuanza. Umeme ukikatika kisha ukarudi, haina nguvu ya kuanza upya, na lawama zote zinaangukia umeme.

Chomoa plagi kabla ya kutia mkono majini. Fungua kifuniko, vuta rota (itang'ang'ania, ni sumaku), uiloweke kwenye siki nyeupe kwa nusu saa, sugua kwa mswaki laini, suuza. Sabuni hapana. Kijiti cha kauri kishike kwa adabu, kwani hukatika kama chaki. Kikivunjika, pampu hugongagonga.

Rota ikizunguka na maji hayatoki, kuna hewa ndani: iinamishe ikiwa majini mpaka mapovu yaishe. Ikiwa kimya kabisa, jaribu soketi kwa taa. Soketi ikiwa nzima na waya haujakatika, basi koili imekufa, na kwa ile gundi hakuna fundi wa kuisuka upya. Nunua nyingine.

Usikawie lakini. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ila chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni wala samaki. Wengi wa hawa wa mapambo huishi juu, kwenye miamba inayopigwa na mawimbi, na maji yaliyotuama huwachosha upesi. Wakati unatengeneza, usiwalishe. Chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu. Chujio likikaa saa nyingi bila maji kupita, bakteria wake hufa na kuoza, hivyo lisuuze kwa maji ya tangi kwenye ndoo ya pembeni ndipo uwashe.