Shimo la 17 la Sawgrass: sifa nyingi, uchaguzi hakuna

Kila Machi, mashindano ya gofu ya The Players yanapochezwa TPC Sawgrass, Florida, kamera huganda kwenye shimo la 17. Ni shimo fupi la par 3, yaani la kumalizwa kwa mikwaju mitatu, yapata mita 125, na griini yake, pale penye bendera, imezungukwa na maji. Kinachoiunganisha na nchi kavu ni kijinjia chembamba tu. Mwaka 2005, Bob Tway, bingwa wa PGA Championship ya 1986, alilimaliza kwa mikwaju 12. Mpira ukizama, umati hulipuka kwa mayowe. Kwa biashara ya televisheni hakuna kilicho bora zaidi. Kwa usanifu, nina neno.

Msanifu wa uwanja huu, Pete Dye, aliyekuwa akiuza bima Indianapolis kabla ya kugeukia ujenzi wa viwanja, hakukusudia kisiwa. Mpango wa awali ulikuwa shimo la kawaida lenye maji sehemu tu ya ukingo wake. Lakini eneo zima lilikuwa kinamasi, na mchanga mzuri ukapatikana hapo hapo. Wajenzi wakachimba na kuupeleka kwingine uwanjani, mpaka likabaki bonde. Mkewe, Alice, mchezaji hodari na msanifu pia, ndiye aliyesema maji yaizunguke griini.

Msanifu mzuri humpa mchezaji uchaguzi. Jasiri akate kona juu ya maji avune faida. Mwoga azunguke, aongeze mkwaju mmoja, aendelee na mchezo wake. La 17 halina njia ya mwoga. Bingwa wa dunia na mstaafu aliye likizoni wamepewa amri moja: fikisha mpira au uupoteze. Upepo ukianza kugeukageuka, hata kuchagua fimbo kunakuwa bahati nasibu.

Sogea shimo la 18 umwone Dye mwenyewe. Ziwa limeandamana na upande wote wa kushoto, na njia ya nyasi fupi imekaa mshazari. Ukithubutu kupiga karibu na maji, pigo la pili linakuwa jepesi; ukikimbilia kulia, griini inakuwa mbali na miti inakusumbua. Maji yapo, hofu ipo, ila kila mtu anajipimia dozi yake. Hata la 16, la par 5, lina hesabu ya aina hiyo.

Uwanja ulipopokea The Players kwa mara ya kwanza, 1982, wachezaji walizilalamikia sana griini: zilikuwa na migongo na mabonde kiasi cha kuutema mpira uliopigwa vyema. Mshindi, Jerry Pate, alimsukuma ziwani Deane Beman, kamishna wa PGA Tour wakati huo, akamfuatisha Dye, kisha akajitosa mwenyewe. (Nashuku wapo waliotamani Dye akawie kutoka.) Dye alirudi kuzilainisha griini. Kisiwa hakikuguswa.

Kinachonitatiza ni kwamba wazo lilikuwa la Alice. Huyu ndiye aliyedai kwa miaka mingi wanawake wawekewe sehemu za kuanzia zilizo karibu zaidi, ili nao wapate mchezo wa haki. Kwenye la 17 kusogezwa mbele kunapunguza umbali, hakukupi pa kukimbilia. Ningekuwa mimi, upande wa kushoto ningeurudishia udongo na nyasi, nikaacha maji kulia na nyuma. Jasiri angeendelea kulenga bendera, na mstaafu wetu angekuwa na pa kuupeleka mpira wake.