Kutibu si Kuponya: Istilahi na Tiba ya Leza kwa Vinundu vya Uso Vitokanavyo na Kasoro ya Jeni

Makala haya yanafafanua tiba ya leza kwa vinundu vya uso vinavyosababishwa na tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa jeni unaokadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 6,000 wanaozaliwa. Hoja yake ni kwamba uteuzi wa maneno huathiri uamuzi wa mgonjwa.

Kosa la istilahi ni la zamani. Mwaka 1890, daktari John James Pringle wa London alivieleza vinundu hivyo kuwa uvimbe wa tezi za mafuta ya ngozi. Baadaye ilibainika kuwa ni anjiofibroma, yaani mkusanyiko wa mishipa midogo ya damu na nyuzinyuzi. Kwa kuwa huota puani, mashavuni na kidevuni, hudhaniwa kuwa chunusi, ingawa aghalabu huanza kabla ya balehe. Jina "chunusi" humfanya mzazi asubiri vipotee, ilhali ugonjwa huohuo waweza kuathiri ubongo, figo na moyo.

Neno "kurithi" nalo lina utata. Takribani theluthi mbili ya wagonjwa hawakurithi kasoro ya jeni TSC1 au TSC2. Ilizuka upya kwao. Kuuita "ugonjwa wa kurithi" kwaweza kumtwika mzazi lawama isiyo yake. "Ugonjwa wa jeni" ni sahihi zaidi.

Leza zinazotumika ni za aina mbili kuu. Mwanga wa leza ya rangi, wa nanomita 585 au 595, hufyonzwa na himoglobini. Mishipa ya damu huziba na wekundu hupungua. Mwanga wa leza ya kaboni dioksaidi, wa nanomita 10,600, hufyonzwa na maji ya tishu, ukaunguza na kusawazisha vinundu vilivyoinuka. Katika ngozi nyeusi tahadhari huhitajika zaidi, kwa kuwa tiba yaweza kuacha mabaka au makovu.

Hata hivyo, leza haibadilishi jeni, na vinundu huweza kuota tena. Jeli ya sirolimusi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, nayo hudhibiti tu. Kiswahili hutofautisha wazi kutibu na kuponya. Fomu ya ridhaa inayosema leza "huondoa" vinundu huahidi kisicho na hakika. "Hupunguza" ndilo neno la haki.

Inapendekezwa kwamba mabaraza ya Kiswahili ya kanda yasanifishe istilahi hizi pamoja na madaktari wa ngozi, na kuzijaribu kwa wagonjwa kabla ya kuzichapisha.