Kuacha Pombe kwa Usalama: Usimfungie Mgonjwa Nyumbani, Mpeleke Hospitalini

Familia nyingi zikichoshwa na ulevi wa mmoja wao huamua kumfungia chumbani mpaka pombe imtoke mwilini. Nia ni njema, lakini kwa mtu ambaye amekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, hatua hiyo inaweza kumuua. Iwe alizoea bia, mnazi, busaa au chang'aa, hatari ni ile ile. Wakazi wanahimizwa kufahamu kwamba kuna dawa za kumsaidia mtu kuacha pombe salama, na nyingine za kumsaidia asiirudie.

Kwa nini mwili hutetemeka?

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu anapokunywa kila siku, ubongo huzoea kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kushindana na kilevi. Pombe ikikatizwa ghafla, nguvu hiyo hukosa kizuizi. Ndiyo maana mnywaji huamka akitetemeka mikono, na akizimua kwa glasi moja hutulia.

Dalili huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho: kutetemeka, kutoka jasho, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi. Katika siku 2 za kwanza, baadhi hushikwa na degedege kama mtu mwenye kifafa. Kati ya siku ya 2 na ya 4, wengine huchanganyikiwa, huona au kusikia vitu visivyokuwepo, na moyo huenda mbio. Hayo si mapepo wala kurogwa. Ni dharura, na mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.

Dawa za siku za kwanza

Hospitalini, daktari anaweza kumpa mgonjwa diazepamu, dawa inayotuliza ubongo na kuzuia degedege. Kipimo hupunguzwa kidogo kidogo na kwa kawaida dawa huisha baada ya takriban wiki moja, kwa sababu nayo inaweza kuleta uraibu. Isinunuliwe kiholela dukani. Ikichanganywa na pombe, inaweza kumzuia mtu kupumua.

Mgonjwa pia hupewa thiamini, yaani vitamini B1, mara nyingi kwa sindano. Walevi wengi hawali vizuri, na upungufu wa vitamini hii unaweza kuharibu kumbukumbu na uwezo wa kutembea, wakati mwingine kwa kudumu.

Dawa za kuzuia kurudia

Kutulia kwa mwili si mwisho wa safari. Wiki na miezi ya kwanza ndiyo migumu zaidi: hamu bado ni kali, usingizi haujarudi, na marafiki wa zamani bado wapo. Wengi hurudia pombe wakati huu. Daktari anaweza kuchagua mojawapo ya dawa hizi:

• Naltreksoni hupunguza hamu na raha ya kunywa. Haifai kwa anayetumia heroini, methadoni au dawa za maumivu kama tramadoli na kodeini.

• Akamproseti husaidia ubongo kutulia bila pombe. Figo hupimwa kwanza.

• Disulfiramu humfanya anayekunywa ajihisi vibaya sana: uso huwaka, hutapika na moyo hudunda. Mgonjwa lazima ajue anaitumia. Kumtilia mtu dawa hii kwenye chakula kwa siri ni hatari kwa maisha yake.

Dawa hizi mara nyingi hazitoshi peke yake. Huenda pamoja na ushauri nasaha, vikundi vya kusaidiana na kliniki za ufuatiliaji.

Familia ifanye nini?

Mtu anayekunywa kila siku asiache ghafla kabla ya kuonana na mhudumu wa afya. Aelezwe ukweli wote: anakunywa kiasi gani, alikunywa lini mara ya mwisho, na kama aliwahi kupata degedege. Aliyewahi kuipata yuko katika hatari zaidi safari hii.

Nyumbani, pombe iondolewe, apate chakula na maji, na asindikizwe kliniki. Akiteleza, asitukanwe wala kufukuzwa. Arudishwe kwa daktari mapema, maana kurudia hakumaanishi kwamba matibabu yameshindwa. Uraibu ni ugonjwa, na kama shinikizo la damu, huhitaji uangalizi wa muda mrefu.

Wapi pa kupata msaada

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu au zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Si kila kituo kina dawa zote, hivyo mgonjwa anaweza kupewa rufaa. Ushauri pia hupatikana bila malipo kwa kupiga simu ya NACADA, nambari 1192.