Yubari, Mji Uliokimbiwa na Vijana

Mwaka 1960 mji wa Yubari, katika kisiwa cha Hokkaido kaskazini mwa Japani, ulikuwa na wakazi wapatao 117,000 waliotegemea makaa ya mawe. Nchi ilipogeukia mafuta, migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine, wa mwisho mwaka 1990. Leo wakazi hawafiki 7,000, na zaidi ya nusu yao wametimiza miaka 65.

Waliotangulia kuondoka ni vijana, yaani walipa kodi na wazazi wa kesho. Wazee waliobaki wanaishi kwa pensheni, ambayo haiingizii halmashauri kodi ya maana. Matumizi, kwa upande wake, hayashuki kwa mwendo wa watu. Makazi ya Yubari yalifuata migodi kando ya bonde refu na jembamba; bomba la maji lililokuwa likihudumia mtaa mzima sasa linafikia nyumba chache, na bado lazima likarabatiwe. Theluji nayo huzolewa barabarani, magari yawe mengi au mawili. Kila anayehama humwachia jirani yake sehemu ya gharama hizo.

Halmashauri ilikimbilia utalii, ikakopa kujenga bustani ya burudani na hoteli. Wageni hawakutosha, na hasara ikafichwa miaka mingi kwa mikopo ya muda mfupi. Mwaka 2007 mji uliwekwa chini ya uangalizi wa serikali kuu, ukiwa na deni la yeni bilioni 35 na ushei. Ada zikapanda, mshahara wa meya ukakatwa kwa takriban asilimia 70, shule za msingi zikaunganishwa zikabaki moja. Hospitali ya vitanda 171 ikawa kituo cha afya chenye vitanda 19. Hesabu zilianza kukaa sawa, ila mzazi kijana alizidi kupata sababu ya kufunga virago.

Naomichi Suzuki, aliyechaguliwa kuwa meya mwaka 2011 akiwa na miaka 30, alichagua kuupunguza mji kwa mpango: wakazi wahamishiwe karibu na katikati. Mwaka 2016 alipendekeza mwenyewe njia ya reli ifungwe, mradi kampuni ya reli isaidie usafiri wa mabasi. Treni ya mwisho ilipita mwaka 2019.

Zao la fahari la mji, tikiti tamu, bado lipo. Mwaka huohuo matikiti mawili ya Yubari yalinadiwa jijini Sapporo kwa yeni milioni 5. Bei hiyo ni ya mnada wa kwanza wa msimu, na kazi ya vitalu inahitaji mikono mingi ambayo mji hauna.